Sakafu ya Bafu la Wanawake

Meneja wa nyumba ya wazee alipompigia simu na kumwambia, "Mama yako ameteleza bafuni," Fundi hakuuliza kama ameumia. Aliuliza, "Bafu lipi?"

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria, na halikurudi tena. Ilikuwa saa nne asubuhi, naye alikuwa amepiga magoti katikati ya duka jipya la dawa, mwiko mkononi, gundi ya vigae imemkaukia hadi viwikoni. Kisha Meneja akajibu taratibu, "La wanawake, Fundi. Lile lile. Tumempeleka hospitali." Akakata.

Nisikuzungushe. Bafu lile alilisakafia Fundi mwenyewe, miezi minane nyuma. Ada ya mama yao waligawana watoto wawili, yeye na dada yake mkubwa, msusi mwenye kibanda chake cha nywele. Mwaka ule kazi zilimkaukia Fundi, akalala miezi mitatu bila kulipa fungu lake. Meneja akamwita ofisini, akamkalisha, akamwambia kwa upole kwamba yeye ana bafu lenye sakafu mbovu na Fundi ana mikono, basi wasaidiane. Vigae vilikuwepo tayari, maboksi tisa yaliyobaki baada ya kupamba ukuta wa mapokezi: vyeupe, laini, vinang'aa mpaka unajiona meno.

"Hivi ni vya ukutani, bosi," Fundi alimwambia siku ile. "Chini havifai. Vikilowa ni balaa."

"Wazee wangu hawakimbii, Fundi. Weka."

Akaweka. Angefanyaje? Kazi ilichukua siku tatu, na siku zote tatu mama yake aliburuta kiti chake mpaka mlangoni pa bafu akakaa kumtazama. Mule ndani walimpachika jina la Bibi Redio kwa sababu hazimwi. Siku ya mwisho Fundi alimwinamia sikioni: "Mama, usimwambie dada." Maana dada mtu alidhani mdogo wake anatoa taslimu kama yeye, na Jumapili moja alimsifu mbele ya watu kwamba siku hizi amekuwa mwanamume. Bibi Redio akacheka. "Mimi nimewahi kusema kitu?" Na kweli, katika maisha yake yote, hicho ndicho kitu pekee ambacho hakukisema.

*

Hospitali walimlaza kwenye kitanda cha korido, mguu wa kulia umegeukia nje kwa namna ambayo mguu haugeuki. Dada alikuwa ameshafika, kitana bado kimechomekwa nyweleni, ameacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa nusu hakijasukwa. Alikuwa akigombana na muuguzi kuhusu mto.

"Nyonga imevunjika," alimwambia Fundi kabla hajasalimiwa. "Daktari anasema wapasue, waweke chuma, tena upesi. Siku mbili, tatu. Wakichelewa, hatatembea tena. Nimeuliza bei. Hata usiulize."

"Ni kiasi gani?"

"Nimekwambia usiulize! Kwanza kwa nini tulipe sisi? Tumewapa mtu mzima na miguu yake, wanaturudishia hivi? Watalipa wao. Watalipa mpaka senti." Akamgeukia mama yake, sauti ikalainika. "Mama, uliteleza kwenye nini?"

Bibi Redio alifungua macho. Dawa ya maumivu ilikuwa imemlegeza ulimi, lakini macho yalikwenda moja kwa moja kwa mwanawe, yakakaa hapo. "Miguu yangu tu," akasema. "Miguu imezeeka, mwanangu."

"Miguu gani imezeeka! Sakafu ilikuwa na maji?"

"Miguu tu," akarudia, akafumba macho.

Fundi alisimama upande wa miguuni pa kitanda akikwangua gundi kwenye vidole vyake. Mama anamficha yeye, na mguu umegeuka namna ile! Alitaka kusema papo hapo, yaishe. Lakini dada alikuwa tayari kwenye simu, akimwambia mteja wake mmoja, wakili, kwamba wamepata kesi ya moto moto.

*

Kesho yake walikwenda kwenye nyumba ya wazee. Mapokezi waliandikishwa kwenye daftari la wageni: jina, saa, uhusiano na mkazi. Binti wa mapokezi aliwaambia Meneja ana kikao, wasubiri. Wakasubiri. Baada ya nusu saa binti yule akachungulia, akamwona Fundi na viganja vyake, akasema, "Samahani kaka, wewe si yule fundi? Hebu nitazamie bomba la jikoni basi, linavuja tangu Jumatatu."

Na Fundi, jamani, alikwenda. Alifungua bomba la jikoni la watu waliomvunja mama yake, akakaza mpira, akalifunga. Aliporudi akifuta mikono kwenye suruali, dada yake alimtazama kuanzia juu mpaka chini. "We una akili kweli?"

"Lilikuwa linavuja," Fundi akajibu.

Meneja aliwapokea kwa pole nyingi. Alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, wa kusikiliza kichwa kimeinama kama muuguzi. Dada alimaliza yote aliyokuja nayo: nani alikuwa zamu, kwa nini mzee aliachwa aingie bafuni peke yake, kwa nini alilala chini muda wote huo hadi mkazi mwenzake akapiga kelele. Meneja aliitikia kila jambo. Kisha akafungua faili, akatoa mkataba wa kumpokea Mama, akauzungusha kwenye meza ili dada ausome mwenyewe.

"Kifungu cha kumi na moja, mama. 'Kituo hakitawajibika kwa ajali zitokanazo na umri wa mkazi.' Na hapa chini ni sahihi yako."

"Umri?" Dada alisimama. "Umri ndio uliomwangusha? Njoo nikuoneshe umri!"

Akatoka mbio, wote wawili wakamfuata, mpaka bafu la wanawake. Wakazi waliokuwa kwenye benchi la korido wakageuza vichwa. Dada alichota maji kwa kikopo, akayamwaga sakafuni, akavua kiatu kimoja, akapitisha mguu juu yake. Mguu ukaenda kama umesukumwa, nusura aanguke, akadaka sinki. Akatoa simu, akaanza kupiga picha, sakafu nzima, kona kwa kona.

"Unaona? Unaona, mdogo wangu? Wewe si ni kazi yako hii? Hebu waambie. Hivi si vya ukutani hivi?"

"Vya ukutani," Fundi akasema. Sauti yake mwenyewe hakuitambua.

"Aha! Nani huyu mwehu aliyeweka vigae vya ukutani chini, kwenye bafu la vikongwe? Nani? Nataka jina lake!"

Meneja alimtazama Fundi, akayashusha macho kwenye viatu vyake, akayapandisha tena. "Ni fundi tu mmoja," akasema kwa upole. "Tulimpata kwa bei nzuri."

Wakati wa kuondoka alimshika Fundi bega, dada akiwa ametangulia nje. "Una nakala ya ile karatasi ya makabidhiano uliyosaini? Mimi ninayo. 'Kazi imefanywa kwa kiwango na kwa usalama wa watumiaji.' Maneno mazuri sana. Mkinipeleka kwa hakimu, sitakwenda peke yangu." Akampapasa bega mara mbili. "Na ahsante kwa bomba."

*

Ofisi ya wakili ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya shule, feni inazunguka bila kutoa upepo. Wakili mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, nywele zake zimesukwa na dada, na kwa sababu hiyo hakuwatoza chochote. Alisoma mkataba, akatazama picha, akauliza maswali machache. Alipomaliza aliweka kalamu chini, na kwa mara ya kwanza tangu mama aanguke, Fundi alimwona mtu ambaye haogopi.

"Kifungu cha kumi na moja kisiwatishe," alisema. "Mtu hawezi kuchukua pesa zenu amtunze mzee, halafu aandike karatasi ya kujivua utunzaji wenyewe. Mzee kuwa dhaifu ndiyo sababu mlimpeleka kule. Mhudumu alikuwa mmoja kwa wakazi wangapi?"

"Ishirini na mbili," dada akasema.

"Umeona. Na sakafu ndiyo hii. Hii ni kesi nzuri, sitawadanganya. Nikimwandikia barua leo, akaona tuko imara, anaweza kulipia upasuaji wiki hii hii ili tusifike mbali. Nimebakiza kitu kimoja tu." Akagonga picha kwa ukucha. "Nahitaji fundi aliyeweka hivi vigae. Akija kusema kwamba alimwonya Meneja, na Meneja akamlazimisha, mimi sina haja ya kitu kingine. Mnamjua?"

"Tutamtafuta!" dada akasema. "Huyu mdogo wangu yuko kwenye kazi hiyo hiyo, mafundi wote anawajua. Si ndiyo?"

Fundi alitazama feni. Alifikiria mguu wa mama yake kwenye korido, alifikiria upasuaji wiki hii hii, na kwa dakika moja nzima, maskini, alidhani Mungu amemfungulia mlango. Kumbe kusema ndiyo dawa yenyewe! Akajikohoza.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?" dada akauliza.

"Niliyeviweka. Mimi. Na nilimwonya. Nilimwambia ni vya ukutani, vikilowa ni balaa. Akasema wazee hawakimbii."

Wakili ndiye aliyejikaza kwanza, akachukua kalamu. "Ulimwonya kwa maandishi?"

"Kwa mdomo."

"Mbele ya nani?"

"Yeye na mimi."

"Na baada ya kumwonya, uliweka."

"Niliweka."

"Alikulipa?"

Fundi akaeleza kuhusu miezi mitatu ya ada. Akaeleza na karatasi ya makabidhiano, maneno yake yote, maana alikuwa akiyarudia kichwani tangu jana. Kadiri alivyoeleza ndivyo wakili alivyopunguza kuandika, mwisho akaacha kabisa.

"Bado Meneja ana kosa," alisema, lakini sasa alikuwa akichagua maneno. "Nyumba ni yake, wakazi ni wake, vigae alinunua yeye. Hilo halifutiki. Ila sasa atasema alimwamini mtaalamu, na mtaalamu alithibitisha kwa sahihi. Atakuunganisha kwenye kesi. Atasema familia imekula faida ya sakafu ile ile inayoilalamikia. Tunaweza kushinda. Sisemi hatuwezi. Lakini si kwa barua moja. Ni miaka miwili, mitatu."

"Mama amepewa siku mbili, tatu," dada akasema.

"Najua," wakili akasema.

Walishuka ngazi. Chini, mbele ya madaftari na mabegi ya shule yaliyoning'inizwa, dada alisimama. Fundi alijiandaa kutukanwa; angelipokea tusi lolote kwa mikono miwili. Lakini dada alimtazama tu, kitana kichwani, macho yamejaa machozi.

"Kwa nini hukuniambia umekwama? Ningekukopesha."

"Ungenisimanga."

"Ningekusimanga, ndiyo! Ningekusimanga mwaka mzima, kila Jumapili, mbele ya watu. Halafu ningekukopesha." Akajifuta pua kwa kiganja. "Mpumbavu wewe. Mpumbavu mkubwa." Akaanza kutembea, na Fundi akamfuata nyuma, hatua mbili tatu, kama alivyokuwa akimfuata wakiwa wadogo.

*

Kukopa kulichukua siku sita. Dada aliuza viti viwili vya kibanda na ile mashine ya kukaushia nywele. Fundi alichukua malipo ya kazi ambazo hajazianza. Haikutosha. Siku ya saba wakarudi ofisini kwa Meneja, safari hii hawakuandikishwa kwenye daftari, karatasi ya mapatano ilikuwa imeshachapwa tayari. Dada aliisoma kwa sauti.

"'Kituo, kwa moyo wa huruma na bila kukiri kosa, kitachangia nusu ya gharama ya upasuaji.' Kwa moyo wa huruma!" Akaisoma tena sehemu hiyo. "Bila kukiri kosa."

"Ndivyo zinavyoandikwa, mama," Meneja akasema.

Yaliyobaki yalikuwa mafupi. Familia haitadai tena kitu chochote, leo wala baadaye. Kituo kitampokea Mama arudi kwenye kitanda chake. Na fundi aliyetajwa atabadilisha sakafu ya bafu la wanawake, vigae na nguvu juu yake mwenyewe, kabla ya ukaguzi wa mwisho wa mwezi. Dada aliomba kifungu hicho kiondolewe. Meneja akasema kwa masikitiko kwamba bila hicho, nusu ya upasuaji itakuwa robo. Wangempeleka Mama wapi kwingine? Kibanda cha dada kina kitanda kimoja, chumba cha Fundi kiko ghorofa ya nne bila lifti. Wakasaini. Meneja aliwapa kila mmoja nakala, akawasindikiza hadi mlangoni.

Mama alipasuliwa siku ya tisa. Chuma kilikaa vizuri, daktari alisema, kazi nzuri kabisa. Ila mapafu yalikuwa yameingia maji kwa kulala, misuli imesinyaa, na kwa umri ule wasitegemee makubwa. "Mngemleta meza ya upasuaji mapema kidogo," alisema, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

*

Fundi alianza kung'oa Jumanne, Mama akiwa amesharudishwa kwenye kitanda chake pale kituoni. Aliletewa turubai azibe mlango, vumbi lisiwafikie wakazi, na wanawake wa upande ule wakawa wanapelekwa bafu la wanaume kwa zamu, wakilalamika. Alipiga tindo tangu asubuhi. Vigae havikutaka kutoka, alikuwa amevishikisha vizuri mno, na kila kimoja kilivunjika vipande vitatu vinne kabla hakijaachia. Mchana sakafu ilikuwa kifusi. Alasiri akaanza kupanga vipya, vya kijivu, vyenye mikwaruzo ya kuzuia mguu, vya bei ambayo hakumwambia mtu.

Turubai likasogezwa. Mhudumu alikuwa amemsukuma Bibi Redio kwenye kiti cha magurudumu, shuka imemfunika miguu. "Amekataa kulala," mhudumu akasema. "Anataka kukuona unafanya kazi. Nakuja kumchukua baada ya dakika kumi, maana niko peke yangu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wamekuita tena!" Uso wake ulikuwa umekonda, lakini ulifurahi kweli kweli. "Nimewaambia mule ndani, wameona hakuna fundi mwingine. Lakini mbona unavunja vile? Vilikuwa vizuri vile."

"Wanataka vya aina nyingine, mama."

"Hebu nipe nione." Fundi akampa kigae kimoja. Mama akakipitisha kiganja, akakunja uso. "Hiki kinakwaruza. Hakina raha. Lakini hiki hata mtu akikikanyaga na kandambili hakidhuriki. Vile nilikuwa nikivivulia."

"Ukivivulia nini?"

"Kandambili. Kila nikiingia. Nazivua pale mlangoni, naziweka sawa, naingia peku. Nilisema mwanangu amepiga magoti siku tatu hapa, mimi nije nimwekee matope ya bustanini? Na hawa wenzangu niliwaambia, vueni. Wengine wabishi, hawakuvua. Mimi sikuacha hata siku moja."

Fundi aliweka mwiko chini. "Hata siku ile, mama?"

"Siku ile ndiyo zaidi. Maji yalikuwa yamemwagika, nikasema nikiyakanyaga na kandambili nitayafanya tope. Nikazivua." Akamwinamia, akapunguza sauti. "Sikumwambia dada yako. Ni siri yetu ile."

Mama yake alikuwa akingoja, amekishika kigae mapajani, mchangamfu, hana habari.

"Hivi vipya usivivulie, mama," Fundi akasema. "Hivi ni vya kukanyaga hivyo hivyo, na kandambili zako."

Bibi Redio alitazama sakafu, kisha akatazama shuka iliyomfunika miguu. Hakuwa na kejeli wala kinyongo. Aliuliza kama mtu anavyomuuliza fundi, akiamini fundi anajua.

"Nitavikanyaga na nini, baba?"

Mhudumu alikuja kumchukua kabla dakika kumi hazijaisha. Fundi alibaki na kigae alichorudishiwa, bado kina joto la mapaja ya mama yake. Ukaguzi ulikuwa Ijumaa, na nusu ya sakafu ilikuwa bado. Akapiga magoti, akaendelea kupanga.